Mkoba wa chapa kubwa: unalipia ngozi, jina, au muhuri wa "Imetengenezwa Italia"?

#1 Mshona Mikoba (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam,

Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu. Leo nauandika kwa sababu ya mkoba ulioko mezani kwangu sasa hivi.

Kazi yangu ni kukarabati mikoba. Nafumua, nabadilisha zipu na bitana, narudishia rangi za kingo, nashona upya mikono ya kushikia iliyochoka. Huu ni mwaka wa 14. Juzi dada mmoja kaniletea mkoba wa chapa ambayo sitaitaja. Aliununua kwenye duka la chapa yenyewe, risiti anayo, na anautunza kama mtoto. Ndani una muhuri wa dhahabu: Imetengenezwa Italia. Shida ni mikono yake. Kingo zinanata. Ukiushika dakika moja, vidole vinabaki na alama nyeusi kana kwamba umegusa lami iliyopigwa na jua. Una miaka miwili tu.

Nilipofumua mkono mmoja nikakuta ndani kamba ya plastiki, juu yake sponji, juu ya sponji ngozi iliyochongwa nyembamba kama karatasi ya daftari, imegandishwa kwa gundi na kupigwa mshono mmoja wa mashine. Ukingo haukukunjwa. Umekatwa wazi na kufunikwa kwa rangi nzito, na rangi hiyo ndiyo inayoyeyuka. Dada akaniuliza swali moja tu: "Kaka, si ni wa Italia lakini?"

Wiki hiyohiyo nilikuwa na mkoba mwingine, umetengenezwa Vietnam. Bei yake dukani haifiki robo ya ule wa kwanza. Una miaka tisa na umebebwa kila siku, kona zimepauka, lakini kilichouleta kwangu ni zipu peke yake. Ngozi nene, kingo zimekunjwa kwa ndani, mshono haujaachia hata tundu moja.

Sijaja kusema Vietnam inaishinda Italia. Nimefumua mikoba ya Italia ambayo ukiiona ndani unatamani kuifunga tena bila kuigusa, na nimefumua ya Asia iliyojazwa kadibodi tupu. Ninachotaka tuzungumze ni hiki: mnunuzi akisimama mbele ya rafu anatafuta ubora, na ubora ndicho kitu pekee asichoweza kukiona, kwa sababu umelala chini ya bitana. Kinachoonekana ni bei na jina la nchi. Basi anavitumia hivyo viwili kukisia kile cha tatu. Hata mimi nilikuwa hivyo kabla ya kuingia kwenye kazi hii, na wenye chapa wanaujua udhaifu wetu huo vizuri sana.

Tuanze na muhuri wa nchi. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, bidhaa iliyopitia nchi zaidi ya moja huhesabiwa ni ya nchi ilikofanyiwa badiliko la mwisho lenye uzito. Haina maana kwamba ngozi, zipu, uzi na bizimu vyote vimetoka hapo. Na Ulaya haina hata sheria ya jumla inayolazimisha mkoba kuandikwa nchi. Marekani ndiyo inayolazimisha kwa bidhaa zinazoingia kutoka nje, kwa sheria ya forodha ya mwaka 1930. Italia yenyewe iliona mwanya huo, na mwaka 2009 ikapitisha sheria namba 166: anayetaka kuandika kwamba bidhaa ni ya Italia asilimia 100 lazima ubunifu, mipango, utengenezaji na ufungashaji vyote viwe vimefanyika Italia. Kwa hiyo kuna "Italia" na kuna "Italia asilimia 100", na wateja wangu karibu wote hawajawahi kusikia kwamba hayo ni mambo mawili.

Tena hata kila tundu la sindano lingechomwa ndani ya Italia, bado hujaambiwa limechomwa na nani na kwa hali gani. Mwaka 2024 mahakama ya Milan iliweka chini ya usimamizi kampuni mbili: mwezi Aprili ile inayosimamia uzalishaji wa Armani, na mwezi Juni Manufactures Dior, kampuni ya Kiitaliano iliyo chini ya Dior. Wachunguzi walikuta kazi imepitishwa kwa wakandarasi wadogo, karakana za pembezoni mwa Milan ambako wafanyakazi walikuwa wakilala humohumo, na mashine zimetolewa vifaa vya usalama ili ziende kasi. Kwa mkoba mmoja wa Dior uliouzwa dukani euro 2,600, karakana ililipwa euro 53. Kwa mkoba wa Armani, mkandarasi mdogo alipata euro 93, kampuni ikauziwa kwa 250, dukani ukawa karibu 1,800. Niwe mkweli kwao pia: euro 53 si gharama yote, ngozi na ubunifu havimo. Mahakama haikusema chapa ndizo zilizowanyonya watu hao, ilisema zilishindwa kusimamia, na kwa Dior usimamizi uliondolewa mapema mwaka 2025. Lakini mikoba ile ilikuwa na muhuri wa Italia, na muhuri haukuwa wa uongo.

Karibuni wadau. Nyie mnaonunua, ni kipi kinawasukuma?

#2 Kipepeo

Mshona, nimesoma mara mbili. Ila sikubaliani na wewe kuiweka bei na nchi upande wa udanganyifu.

Nilitunza pesa miaka minne kununua Hermès moja, na sijuti. Ile nyumba ilianza Paris mwaka 1837 kwa kutengeneza hatamu na matandiko ya farasi, na mshono wao mpaka leo ni wa matandiko. Fundi mmoja anashika mkoba mmoja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mkoba wao maarufu uitwao Birkin unamla saa kati ya 15 na 20 hivi. Uzi ni wa kitani uliopakwa nta ya nyuki, sindano mbili, mkono kwa mkono. Kuna bei ambayo imeingia kwenye kitu, na kuna nchi ambayo imefundisha mafundi wake vizazi na vizazi. Usione vyaelea, vyaundwa.

#3 Mshona Mikoba

Dada Kipepeo, hapo sina ubishi hata kidogo, na nafurahi umeutaja mshono wenyewe, maana watu wanausikia tu bila kujua una tofauti gani.

Cherehani inashona kwa nyuzi mbili, moja juu moja chini, zinazokabana katikati ya ngozi kila tundu. Uzi wa juu haupiti kwenda upande wa pili, unashikwa tu na mwenzake. Ukikatika mmoja pale kwenye kona inayosuguana na nguo, ukauvuta kidogo, matundu mawili matatu ya jirani yanaachia. Mshono wa matandiko ni uzi mmoja wenye sindano kila ncha. Fundi anatoboa kwa msharasi, anapitisha sindano ya kulia, kisha ya kushoto kwenye tundu lilelile, anavuta mikono yote miwili kwa nguvu sawa. Kila tundu linapitwa mara mbili. Ukikatika upande mmoja, upande wa pili bado umeshika. Nimewahi kupokea mkoba wa namna hiyo, wa zamani kuliko mimi. Uzi ulikuwa umelika upande mzima wa kifuniko na hakuna kilichofunguka.

Kwa hiyo kwako bei, ubora na nchi vimekutana. Hoja yangu ni kwamba havikutani kwa lazima, na dukani vyote vinavaa nguo zilezile.

#4 Msomi wa Pembeni

Uzi mzuri sana huu. Naomba kuongezea kidogo kwenye suala la nchi, maana lina historia ndefu.

Mwaka 1887 Uingereza ilipitisha sheria ya alama za bidhaa iliyolazimisha bidhaa za nje kuonyesha zilikotoka. Nia ilikuwa kumlinda mnunuzi wa Kiingereza dhidi ya bidhaa za Kijerumani, zilizohesabiwa wakati huo kuwa za bei chee na za kuigiza. Yaani maneno "Imetengenezwa Ujerumani" yalianza kama onyo. Bidhaa za Wajerumani zikaendelea kuboreka, maneno yakabaki yaleyale, na watu wakaanza kuyatafuta. Jina la nchi ni sifa inayobebwa, inaweza kupanda na inaweza kushuka, na mara nyingi inachelewa kuufikia ukweli wa kiwandani.

Mtafiti Robert Schooler alilipima jambo hili Guatemala, akachapisha mwaka 1965. Watu walipewa vitu vilevile kabisa, tofauti ikawa lebo ya nchi tu, na hukumu zao zikabadilika kwa kufuata lebo. Kuanzia hapo utafiti wa athari ya nchi ya asili haujakoma.

Bei nayo inafanya hivyohivyo. Mwaka 2008 watafiti wa vyuo vikuu vya Caltech na Stanford, Marekani, waliwaonjesha watu mvinyo huku ubongo wao ukipigwa picha. Mvinyo uleule ukitajwa kwa bei kubwa, watu walisema ni mtamu zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na kufurahia ilichangamka zaidi kweli. Hawakuwa wanajisifu. Walifurahia zaidi. Ndiyo maana mtu aliyelipa pesa nyingi kwa mkoba akikwambia ngozi yake ni laini kuliko zote, usimwite mwongo.

#5 Mkaguzi

Nimefanya kazi ya kukagua ubora miaka sita kwenye kiwanda cha mikoba Asia. Chapa sizitaji, mikataba bado inanifunga.

Watu wanadhani kiwanda kina ubora wake kama mtu alivyo na tabia yake. Hapana. Chapa inaleta mkoba wa mfano na kitabu cha maelekezo. Humo mmeandikwa unene wa ngozi kwa sehemu za milimita, mishono mingapi kwa inchi, kona ziwekewe nini, ukingo upakwe rangi mara ngapi na upigwe msasa mara ngapi katikati. Mstari wangu ulikuwa unahudumia chapa mbili. Ya kwanza ilitaka ukingo upakwe mara tano, kila mara ukauke usiku kucha. Ya pili ilitaka mara mbili, zikauke kwa joto la mashine. Dada aliyepaka alikuwa mmoja, meza moja, brashi moja. Mkoba wa kwanza ulirudishwa na wateja mara chache sana. Wa pili ulikuwa unarudi na kingo zimepasuka kabla ya mwaka kuisha.

Sasa mnambie, hapo ubora ni wa nchi gani? Ni wa muda uliolipiwa.

Coach ilianzia kwenye karakana ndogo Manhattan mwaka 1941, ikajulikana kwa ngozi yake nene. Leo sehemu kubwa ya mikoba yao inatoka Vietnam, Kambodia na Ufilipino, na wanaandika hivyo waziwazi. Mimi nawaheshimu kwa hilo. Prada nao mwaka 2010 walitoa mpango wa lebo zinazotaja nchi nyingine kwa fahari: Uskoti kwa sketi zao za kitamaduni, India kwa darizi, Japani kwa jinzi, Peru kwa sufu ya alpaka. Kila nchi kwa kile inachokijua. Ningependa chapa nyingi zaidi zifanye hivyo kuliko kuficha.

#6 Mpenda Monogram

Nina swali, huenda ni la ajabu. Mimi ni mtu wa Louis Vuitton. Mwaka jana niliagiza mkoba, ukafika, ndani umeandikwa Marekani. Nilikuwa nataka wa Ufaransa. Bei ni ileile, mfano ni uleule, lakini moyo ulikataa, nikaurudisha. Je, nilikosea?

#7 Mshona Mikoba

Hukukosea kutaka unachokitaka, ndugu yangu, pesa ni zako. Louis Vuitton wana karakana Ufaransa, Uhispania, Italia na Marekani. Ile ya Texas ilifunguliwa Oktoba 2019, na California walikuwepo kabla ya hapo. Kwa ninayoyaona mezani, sijawahi kuweza kutofautisha wa Ufaransa na wa Uhispania kwa kutazama mshono peke yake.

Ila tuseme ukweli wa kile ulichokitaka. Ulitaka hadithi ya Paris iwe ndani ya mkoba wako, na hadithi hiyo imo ndani ya bei, umeilipia. Kwa hiyo una haki ya kuidai. Kosa lingekuwa kuamini kwamba wa Marekani ungechakaa upesi zaidi kwa sababu ya lile neno.

Na kuna jambo wateja wengi wa monogram hulisikia kwangu kwa mara ya kwanza: mwili wa mkoba ule si ngozi. Ni turubai iliyopakwa plastiki, ndivyo ilivyo tangu zamani, na ile michoro ya herufi na maua ilibuniwa mwaka 1896 na Georges Vuitton kuwazuia waigaji. Ngozi ni mikono, kingo na vipande vya kona, ile rangi ya mchanga inayogeuka asali kwa jasho la mkono. Turubai ile ni ngumu ajabu, haiogopi mvua, haiogopi mikwaruzo. Nasema hivi kwa heshima kabisa. Lakini anayedhani bei yake inalipia ngozi ya ndama anakosea hesabu. Vilevile Prada mwaka 1984 walileta begi la nailoni likawa alama yao. Nailoni! Bei haikuwahi kuwa ya malighafi.

#8 Haraka Haraka

Basi kama mambo ndiyo haya si bora kununua kopi nzuri tu? Aprili 2025 kulikuwa na video kibao za watu wa viwanda vya China wakisema wao ndio wanatengeneza Hermès na Louis Vuitton, wanauza bila nembo kwa sehemu ndogo ya bei.

#9 Mkaguzi

Mkuu, video zile zilitoka wakati Marekani imepandisha ushuru kwa bidhaa za China, na aliyezitoa alikuwa na kitu cha kuuza. Birkin inatengenezwa Ufaransa. Louis Vuitton wamesema hawatengenezi China. Zipo chapa kubwa zinazofanyia kazi China kihalali kabisa, lakini kiwanda chenye mkataba wa namna hiyo hakithubutu kufungua mdomo hadharani, kitapoteza kila kitu siku hiyohiyo. Mwenye mkataba hakai mbele ya kamera kuutangaza.

#10 Mshona Mikoba

Nakazia alichosema Mkaguzi, kisha niongeze la mezani.

Kopi nazo huletwa kwangu, na wengine hawajui kama ni kopi. Za siku hizi ukiziangalia kwa nje zinanitoa jasho hata mimi. Ngozi nzuri, mshono umenyooka. Mahali zinapojisaliti ni ndani, pale ambapo mwigaji anajua hakuna mteja atakayetazama: kiini cha mkono, kipande cha kuimarisha chini ya ribiti, kitambaa kilichobandikwa nyuma ya ngozi ili isivutike ikabaki imelegea. Mwigaji ananakili picha, na picha haina ndani.

Halafu kuna suala la haki, na hili naliumia. Anayekuuzia kopi anatumia jina ambalo si lake. Ukitaka mkoba mzuri bila kulipia jina, nunua mkoba wa fundi anayeweka jina lake mwenyewe. Wapo kila nchi. Mwombe akuonyeshe alivyoshona, atakuonyesha kwa furaha.

#11 Bi Mtumba

Mimi nanunua na kuuza mikoba iliyokwishatumika, kwa hiyo naona upande wa bei ambao nyie hamjaugusa.

Mkoba mweusi wa Chanel wenye kifuniko, saizi ya kati, mwaka 2019 Marekani ulikuwa chini ya dola 6,000. Kufika 2024 umevuka 10,000. Miaka mitano. Ngozi ya mwanakondoo haijabadilika kuwa kitu kingine, na mkufu ni uleule wa kusokotwa na ngozi. Tena wakusanyaji wanaitafuta ya kabla ya 2008, kwa sababu ya zamani vyuma vyake vilipakwa dhahabu ya karati 24. Maana yake mkoba wa zamani, uliouzwa kwa bei ndogo, wao wanauona bora kuliko mpya wa bei kubwa. Wateja wangu wanapanda bei pamoja na chapa kwa sababu moja: wanaamini mwakani itakuwa juu zaidi. Hapo bei imeacha kuwa dalili ya ubora, imekuwa yenyewe ndiyo bidhaa.

Hermès ndiyo kilele. Dukani huwezi tu kuingia ukachukua Birkin, na mwezi Machi 2024 wanunuzi wa California walifungua kesi wakidai wanalazimishwa kununua vitu vingine kwanza. Julai 2025 mkoba wa kwanza kabisa, ule wa mwigizaji Jane Birkin mwenyewe, aliyeupa jina, uliuzwa Paris na Sotheby's kwa euro milioni 8.6. Umekwaruzika, una alama za stika alizobandika, na kikatio chake cha kucha bado kinaning'inia kwenye mkanda. Hakuna fundi duniani anayeweza kukuambia ngozi ile ina thamani ya milioni nane. Walinunua maisha ya mtu.

Jambo jingine ninaloliona kila siku: mteja mpya anataka nembo kubwa, aliyezoea anataka isiyoonekana. Mwaka 2010 watafiti Han, Nunes na Drèze waliangalia mikoba ya Gucci na Louis Vuitton wakakuta kadiri nembo inavyokuwa kubwa ndivyo bei inavyoelekea kushuka. Wenye uwezo mkubwa wanalipa zaidi ili watambuliwe na wachache tu.

#12 Mtaka Kujua

Wakuu, nimesoma yote kwa utulivu. Mimi ni mtu wa mshahara. Nataka mkoba mmoja mzuri, nibebe kazini kila siku, unikae miaka 10. Sitaki kuuza, sitaki kushindana na mtu. Nimeona miwili. Mmoja wa chapa kubwa, Italia. Mwingine wa chapa ya kati, Ufilipino, bei kama theluthi ya ule. Moyo uko Italia, mfuko uko Ufilipino. Nikifika dukani nifanye nini? Nielekezeni kama mtoto.

#13 Mshona Mikoba

Dada, hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri.

Nenda mchana, dukani penye mwanga. Kabla ya kusoma bei, shika mikono ya mkoba. Pitisha ukucha taratibu kwenye ukingo. Kama ngozi imekunjwa na kushonwa, utaona mkunjo. Furahi, hiyo itadumu. Kama imepakwa rangi, ukingo uwe mviringo na mlaini kama kokoto ya mtoni, usio na mistari ya matabaka. Ukiona tabaka mbili zinaonekana au rangi inabonyea kwa ukucha, ndiyo ile iliyoko mezani kwangu.

Kunja sehemu ya ngozi kwa kidole gumba. Ngozi ya tabaka la juu inaweka mikunjo midogomidogo kama ngozi ya kiganja, kisha inarudi. Ile iliyotolewa tabaka la chini na kupakwa plastiki inakunjika kwa mstari mmoja kama karatasi, na mstari unabaki. Usidanganywe na maneno "ngozi halisi". Hata ya tabaka la chini ni ngozi halisi kisheria.

Kisha fungua na uingize mkono mpaka kona za chini. Hapo ndipo mkoba unapofia. Vuta bitana taratibu. Iwe imeshikwa na mshono, isiwe imening'inia. Gusa kama kuna kitu kigumu kimewekwa kuimarisha kona. Angalia pale mikono inapoungana na mwili, kwa sababu uzito wote wa laptopu na chupa ya maji unavutwa hapo. Nataka uone mshono wa sanduku, yaani ulioshonwa kuzunguka kama mraba, au ribiti yenye kipande cha ngozi nyuma yake. Ribiti iliyopigiliwa kwenye ngozi nyembamba peke yake itang'oka na tundu lake.

Zipu ifungue na kuifunga mara kumi, pamoja na kupita kwenye kona. Jina la YKK, Riri au Lampo kwenye zipu ni dalili nzuri. Bizimu ipime kwa mkono: shaba ya njano ni nzito na baridi, ile ya zinki ni nyepesi na ikichubuka inaonyesha kijivu.

Wembamba wa ngozi usikutishe peke yake. Bottega Veneta walianza Vicenza mwaka 1966, na ule ufumaji wao wa vipande vya ngozi inasemekana ulitokana na mashine zao kushindwa kushona ngozi nene. Wakachukua nyembamba, wakaifuma, ikapata nguvu ya mkeka. Fundi akijua anachofanya, ngozi nyembamba inabeba.

La mwisho, muulize muuzaji: "Mkono ukikatika mwaka wa tano, mnatengeneza? Kwa bei gani? Vipuri mnavyo?" Mulberry wa Uingereza, kwa mfano, wana mafundi wa ukarabati Somerset wanaofufua mikoba ya miongo iliyopita. Chapa inayokarabati inajua itakutana tena na kazi yake, na hiyo inabadilisha namna inavyoshona.

Ukimaliza yote hayo kwa mikoba yote miwili, ndipo usome bei na nchi.

#14 Kipepeo

Mimi ninayependa vya ghali nakuunga mkono kwa hilo, Mshona. Na wewe Mtaka Kujua, kama wa Italia utapita majaribio yote na moyo bado uko kule, usione aibu kusubiri na kutunza. Nilisubiri miaka minne.

#15 Mtaka Kujua

Nimerudi wapendwa. Nilikwenda Jumamosi, nikakaa dukani kama saa moja na nusu mpaka muuzaji akaniletea kiti.

Wa Italia: ukingo mzuri sana, mviringo kama alivyosema Mshona. Zipu ni Riri, inateleza kama maji. Lakini kona ya chini nilipoingiza vidole hakuna kitu, ngozi na bitana tu, na bitana inacheza. Muuzaji nilipomuuliza habari ya ukarabati alisema mkoba unapelekwa nje, miezi mitatu, na baada ya miaka miwili hawana uhakika wa vipuri.

Wa Ufilipino: ngozi ni ngumu kidogo, haina ule ulaini wa kukufanya ufumbe macho. Kona zimeimarishwa. Mikono imekunjwa na kushonwa kisanduku. Wanatengeneza hapohapo.

Nimenunua wa Ufilipino. Nakiri nilipotoka nilitazama nyuma kwenye kioo cha duka la pili. Leo ni siku ya nne, naubeba na laptopu, na ulaini umeanza kuja pale unapogusa mbavu zangu.

#16 Mshona Mikoba

Hongera dada. Kila miezi mitatu upake mafuta ya ngozi kidogo kwa kitambaa, na usiutundike kwa mkono mmoja.

Niwape habari za ule mkoba wa mwanzo. Nimevua rangi yote ya kingo, nimetoa kamba ya plastiki na sponji, nikaweka kiini cha ngozi ngumu iliyodabaghiwa kwa magome. Juu nimevalisha ngozi ya ndama yenye rangi inayolingana, nikaikunja, nikashona kwa sindano mbili. Imenichukua siku mbili. Mwenyewe alikuja jana jioni. Muhuri wa dhahabu bado uko ndani, sikuugusa. Aliusoma, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sasa huu bado ni wa Italia?"

Nilimwambia mwili ni wa kule, mikono ni ya hapa mezani. Akanyamaza. Kisha akaushika, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, akakitazama kidole, kilikuwa safi.